Chemba Chini ya Kabro

Wakiuru alizaliwa Shauri Moyo, Nairobi, katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, ambamo familia nzima ilikaa chumba kimoja na vyoo vilikuwa nje, safu moja kwa jengo zima. Mtu akimwuliza leo kwa nini alijinyima miaka yote ile ili anunue nyumba, hazungumzii urithi wala heshima. Anasema alitaka choo. Utotoni alikuwa akienda kule nje ameshika sketi juu ya magoti, akirukaruka juu ya mawe yaliyopangwa kwenye maji ya rangi asiyopenda kuitaja, na mama yake akibaki ameushikilia mlango kwa nje kwa sababu haukuwa na komeo. Alijua kubana pumzi kabla hajajua kusoma. Huko ndiko alikoapia moyoni kwamba siku moja atakuwa na choo chake mwenyewe, na uchafu utakaoingia humo utakuwa wake peke yake.

Aliuza viatu vya watoto vya mitumba pale soko la Gikomba. Alikuwa na jicho la kuchagua, na zaidi ya jicho alikuwa na pua. Kiatu kikitolewa kwenye bela, lile furushi la mitumba, alikinusa kwanza kabla ya kukiangalia soli, na wenzake walimcheka, lakini wateja walijua kwamba kwa Wakiuru hukuti kiatu kilichooza kwa jasho la mtu. Mumewe, Wanyoike, alifariki mtoto wao Ndirangu akiwa bado sekondari. Baada ya hapo aliweka akiba kwenye chama cha akina mama, akakopa kwenye sako, ushirika wa akiba na mikopo, akauza kishamba alichoachiwa na mumewe, na mwishowe akanunua nyumba ya vyumba viwili Jasiri Court, jengo la ghorofa nne lililo mwendo mfupi kutoka mtaa wa Pipeline. Alichagua nyumba ya chini kabisa kwa sababu ya goti lake. Siku aliyopewa funguo aliingia chooni, akafunga mlango, akakaa tu juu ya kifuniko, vigae vyeupe vimemzunguka pande zote, mpaka Ndirangu akabisha kuuliza kama yu mzima.

Mwanzoni alikuwa na raha. Kila mwezi wenye nyumba walitoa ada ya huduma, ambayo wote pale waliiita savisi: ya askari wa geti, ya taka, ya pampu ya maji, ya taa za ngazi, na ya bomba la maji taka. Wakiuru alilipa kabla hajaulizwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Phares, karani mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya taratibu, ambaye hakuwahi kumwita mtu kwa jina bila kutanguliza bwana au mama. Wakiuru alimheshimu.

Kisha kamati ikaamua kupendezesha uwanja wa nyuma. Walileta kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, wakaupanga uwanja mzima, wakachora mistari ya maegesho kwa rangi nyeupe. Zamani palikuwa na chemba pale, shimo la zege lenye mfuniko mzito ambapo mabomba yote ya jengo hukutana. Wakiuru aliwaona mafundi wakimwaga mchanga juu ya ule mfuniko na kupanga kabro juu yake.

"Na hii mtaifungua vipi?" aliuliza.

"Hiyo uliza mwenyekiti, mathe. Yeye ndiye amesema iwe sawasawa."

Wakiuru alirudi ndani kwake. Hakuwa na gari, na ule uwanja aliuona ni wa wenye magari. Maegesho ya mahali pale palipozikwa chemba alipewa Phares mwenyewe.

Mvua za Aprili ziliponyesha, Jumapili moja Wakiuru alirudi kutoka kanisani akasikia bafu lake linaguguma. Alidhani ameacha mfereji wazi. Alipofungua mlango aliona maji meusi yakipanda polepole kutoka kwenye kitundu cha sakafuni, yakitoa mapovu mazito, na choo chake kimejaa hadi ukingoni kwa kinyesi kisichokuwa chake. Juu ya maji yaliyomwagika zilielea tambi zilizopikwa, ganda la mafuta yaliyogandana, bonge la nywele za kusukwa, na vile vijipunje laini kama kamasi vinavyotoka kwenye daipa ya mtoto iliyopasuka. Yalivuka kizingiti yakaingia kwenye ushoroba, yakalishika zulia. Alisimama na viatu vyake vya kanisani, mkono puani, akijua kwamba ni chakula cha mchana cha majirani wa juu, na ni matumbo yao, na ni watoto wao.

Alimpigia Phares simu.

"Pole sana, Mama Ndirangu," Phares alisema. "Lakini unajua utaratibu. Mambo ya ndani ya mlango ni ya mwenye nyumba. Kamati hushughulika na ya nje."

"Mwenyekiti, mimi naishi peke yangu tangu Ndirangu ahame, na sijanyonyesha mtoto miaka mingi. Hapa sakafuni kuna daipa. Hii ni ya ndani kwangu kivipi?"

"Nakuelewa kabisa. Tutaliweka katika ajenda."

Akakata simu. Wakiuru aliyazoa yale mavi kwa kizoleo cha takataka, akiyatia kwenye ndoo na kutapika humo humo kwenye ndoo. Zulia alilikunja akalitupa. Alimwaga dawa kali ya jiki nyumba nzima hadi macho yakamwasha, akalala madirisha yakiwa wazi, na bado harufu ilikuwa mle mle, kwenye pazia, kwenye unga, kwenye mto aliolalia.

Yalirudi. Yalirudi kila mvua iliponyesha, baadaye yakaja hata jua likiwaka, hasa jioni watu wa juu walipokuwa wakioga na kuosha vyombo. Alianza kuwatambua majirani zake kwa vitu walivyoshusha. Wa ghorofa ya pili walikaanga samaki. Wa tatu walikuwa na mtu anayeharisha. Alikutana nao getini wamejipaka mafuta na kuvaa nguo za kazini, wanamwamkia vizuri, naye akaitikia mikono ameificha nyuma, kwa kuwa asubuhi ile ile alikuwa amewashika kwa mikono yake. Kula nyumbani kulimshinda. Alikula githeri Gikomba, na usiku akanywa chai mlangoni amesimama.

Kilichomvunja kabisa hakikutokea nyumbani. Siku moja kibandani mteja aliinama kuchagua kiatu, akainua kichwa, akarudi nyuma hatua moja na kupitisha kitambaa puani, kisha akasema atapita baadaye. Wakiuru alingoja aende. Halafu akainua kola ya blauzi yake akainusa.

Mwezi ule hakulipa savisi, wala uliofuata. Kamati, iliyokuwa imeshindwa kulifikia bomba, haikushindwa kulifikia jina lake. Lilibandikwa getini kwenye karatasi, peke yake kwa herufi kubwa, ingawa kila mtu alijua kuna wenye nyumba wanaokaa mbali, wanaopokea kodi kila mwezi na hawajawahi kutoa senti ya savisi. Wiki iliyofuata wakamfungia maji. Hapo ndipo ilipofikia: Wakiuru ananunua maji ya mitungi kwa mkokoteni ili asafishe mavi ya watu wenye mifereji inayotiririka.

Alimtafuta fundi wa bomba, Oketch, mtu mrefu wa maneno machache ambaye watu wa Gikomba walimwamini. Oketch alisukuma vyuma vyake vya kuzibulia kwenye bomba la nje ya bafu, vikaenda, vikaenda, vikagota.

"Mathe, hapa kwako ni sawa," alisema, akifuta mikono kwa gazeti. "Imeziba mbele. Lazima chemba ifunguliwe. Iko wapi?"

Wakiuru alimwonyesha gari la Phares.

Oketch aliliangalia, akaangalia kabro, akaguna. "Iko chini ya hapo?"

"Chini ya tairi la mbele. Njoo Jumamosi."

Phares huabudu Jumamosi. Siku hiyo gari lilipotoka tu getini likiwa limembeba yeye na mkewe, Oketch na msaidizi wake walianza kung'oa kabro kwa mtaimbo. Askari wa geti alikuja mbio akasema hana ruhusa ya kuruhusu jambo kama lile. Wakiuru alimwambia aingie kwanza bafuni kwake, anuse, kisha atoke aje awazuie. Askari aliingia. Alipotoka alirudi getini akitema mate.

Mfuniko ulipoinuliwa, watu waliokuwa wakichungulia kutoka roshani walirudi ndani kwa pamoja. Chemba ilikuwa imejaa mpaka juu, na juu ya uchafu mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda yakawa tabaka nene, jeupe lenye madoa ya kijivu, gumu kama sabuni ya mche. Mende walikuwa wameganda kwenye kingo kama rangi iliyopakwa, kisha ile rangi ikaanza kutembea. Oketch alivunja lile tabaka kwa koleo. Chini yake zilitoka daipa moja baada ya nyingine, zimevimba kama vichwa vya watoto, pedi, matambara ya kudekia, mifupa ya kuku, kondomu, mkono wa mwanasesere, na shati zima la kazi lenye vifungo vyake. Wakiuru alimwambia asivitie kwenye gunia.

"Vipange hapo," alisema.

"Hapo wapi?"

"Ndani ya mistari. Katika maegesho ya mwenyekiti."

Oketch alimtazama kwanza, halafu akavipanga. Jua lilikuwa limeshapanda, na vitu vikaanza kutoa mvuke mwembamba. Inzi walitoka mtaa mzima. Wakiuru alileta kigoda akakaa pembeni, goti lake likimuuma, akavitazama kama anavyotazama bela iliyofunguliwa, na hakuna kitu kimoja mle ambacho angeweza kukisema ni chake.

Dirisha la ghorofa ya kwanza lilifunguka kidogo. Alikuwa Njoki, mweka hazina wa kamati, mwanamke anayekaa juu yake hasa.

"Mama Ndirangu, mtaondoa hivyo vitu saa ngapi? Tunataka kupika."

Wakiuru alisogeza kigoda kivulini. Miezi yote ile hakuna aliyemwuliza anapika vipi.

Phares alirudi mchana, amevaa suti. Alisimamisha gari nje ya mistari, akashuka, na mkewe aliyefungua mlango wake akaufunga tena upesi na kupandisha kioo.

"Mama Ndirangu," alisema, na ile sauti ya taratibu ilikuwa imemtoka kidogo, "hii ni mali ya pamoja. Umeiharibu bila idhini ya kamati."

"Mali ya pamoja ndiyo hiyo, mwenyekiti," Wakiuru alisema. "Iko mbele yako. Chagua iliyo yako uingie nayo ndani."

Phares alitazama chini. Akayaona yale yaliyopangwa, akaliona lile shati, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Wakiuru aliisoma mara moja. Wakiuru alijua shati ni lake. Phares alipitisha ulimi kwenye midomo, akasema kabro zitarudishwa kwa gharama ya aliyezing'oa, kisha akapita kando ya ukuta akipima pa kukanyaga na viatu vyake vya kanisani.

Bomba lilifunguka. Maji yalishuka kwa ngurumo kama mtu anayesafisha koo, na nyumba ya Wakiuru ikakauka. Walimrudishia maji, ingawa alikuwa hajalipa, asije akang'oa kingine. Kamati ilibishana wiki nyingi kuhusu chemba, mwishowe wakaacha uwazi na kuweka mfuniko wa chuma, halafu wakapandisha savisi ya kila mtu kwa sababu ya ule mfuniko, na ankara ya kabro wakampelekea Wakiuru peke yake. Kwenye kundi la simu majirani walilalamikia kupanda kwa ada. Mmoja aliandika kwamba wanaopenda kuchokora mavi wasiwatwishe wenzao gharama. Wengine waliweka vikatuni vya kucheka.

"Maitu, uza hiyo nyumba," Ndirangu alimwambia mama yake. Alikuwa sasa mtu mzima, mwenye duka la vipuri Huruma. "Umeona watu unaokaa nao."

Ndirangu akaipeleka habari hiyo kwa dalali aitwaye Maingi. Maingi alikagua nyumba akiwa amekunja suruali isiguse sakafu. Alimwagiza Wakiuru apake rangi bafuni, anyunyize manukato, achemshe kahawa wageni wakikaribia, na kuhusu bomba asifungue mdomo. "Lilishazibuliwa," alisema. "Kwa hiyo husemi uongo."

Wateja wa kwanza walikuwa mume na mke. Mume, Okumu, alifanya kazi karakana ya reli. Mke, Clare, alifundisha chekechea, na mimba yake ilikuwa imefika mahali pa kumfanya atembee ameshika kiuno. Waliipenda nyumba. Clare aliingia bafuni, akavua ndala ili asichafue vigae, akasimama pekupeku juu ya kile kitundu cha sakafuni, miguu yake imevimba.

"Ni pasafi sana," alisema. "Choo hakisumbui, mama?"

"Hakuna shida yoyote hapa," Maingi alisema kutoka mlangoni.

Wakiuru aliitazama ile miguu. Kahawa ilikuwa ikinukia jikoni na manukato yakinukia ukutani, na mwenyewe akajiona mchafu kuliko siku alipozoa kwa kizoleo, kwani safari hii uchafu ulikuwa umekaribia kutoka kinywani mwake.

"Toka hapo, binti yangu, uvae ndala," alisema. Kisha akawaeleza yote: mvua, daipa, chemba, ada, jina getini. Aliwaambia kwamba bomba limezibuliwa lakini watu hawajazibuliwa, na kwamba litaziba tena.

Maingi alitoka nje akiwa anaongea na simu isiyokuwa na mtu upande wa pili. Okumu alimshika Wakiuru mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, Mungu akubariki. Wengine wangetuuzia tu."

Baada ya wiki chache lori liliingia getini na fanicha. Wakiuru alifungua mlango akamwona Okumu amebeba godoro kichwani na Clare akimfuata na sufuria. Clare alimkumbatia kwa furaha.

"Mama, ulituokoa. Ulivyotuambia kuhusu ya chini, tukaona afadhali juu. Tumepata ghorofa ya tatu, laini hii hii ya kwako, juu yako moja kwa moja. Dalali alitufanyia bei nzuri."

Wakiuru alisema karibuni. Alisema na pongezi. Alirudi ndani akakaa kitini, na juu, kupitia ukuta, akasikia choo cha ghorofa ya tatu kikivutwa na maji yakishuka ukutani karibu na kichwa chake, yakipita, yakielekea chini.

Alimwita Oketch. Alimwuliza kama kuna kitu kinachoweza kuwekwa kwenye bomba lake, kinachoruhusu maji yake kwenda na kuzuia ya watu kurudi. Oketch alisema kipo, ni mlango mdogo unaofungukia upande mmoja.

"Lakini nikuambie ukweli, mathe. Ikiziba tena, hiyo kitu haipotei. Itapanda mpaka ipate pengine pa kutokea."

"Wapi?"

Oketch alianza kukusanya vyuma vyake. Aliinua tu macho akaangalia dari.

Wakiuru naye akaangalia dari. "Weka," alisema.

Mvua za Novemba zilipokuja, alikuwa jikoni akikata sukuma wiki. Alikuwa ameanza tena kupika. Alisikia ukutani mgugumo ule anaoujua, akaenda akasimama mlangoni pa bafu. Kitundu cha sakafuni kilikuwa kikavu. Mgugumo ulipanda ukutani, ukapita dari, kisha juu akasikia kelele ya mwanamke, na viti vikiburutwa.

Njoki, yule mweka hazina wa juu yake, alishuka amevaa kanga na ndala zilizolowa. Alibisha, na Wakiuru akafungua.

"Mama Ndirangu, kwako yamepanda pia?"

"Hapana."

Njoki alisimama pale, mikono ameiinua mbali na mwili kana kwamba si yake. Kwenye vidole vyake vya miguu paling'ang'ania vijipunje laini, vyeupe, vile vya daipa. Wakiuru alikuwa ameingoja siku hii. Alikuwa ameipanga kichwani, na maneno ya kusema alikuwa nayo. Lakini harufu ilikuwa imeshaingia ndani pamoja na Njoki, ile ile, na maneno yote yakawa kama chakula kilicholala.

Alimpa jiki na mpira wa kusukumia maji. "Anza na ushoroba," alimwambia. "Na zulia usijaribu kulifua. Litupe."

Kamati, ambayo kwa Wakiuru ilichukua miezi na ajenda, kwa mweka hazina ilichukua asubuhi moja. Kabla ya saa sita lori la kunyonya maji taka lilikuwa limeegeshwa uwanjani, Phares akilielekeza kwa mikono, na jioni kwenye kundi la simu likatolewa tangazo kwamba daipa zisitupwe chooni, kana kwamba ni jambo lililogunduliwa siku ile. Clare pekee ndiye aliyeitikia. Baada ya hapo Wakiuru alimwona kila asubuhi akishuka ngazi, mtoto mgongoni, mfuko wa taka uliofungwa vizuri mkononi, akienda nao hadi kwenye pipa.

Savisi ya mwezi huo Wakiuru aliilipa jioni ile ile ya lori, yote, pamoja na malimbikizo, asibaki akidaiwa na mtu pale. Alipotoka nje baada ya kuituma kwa simu alikuta Njoki ameacha nyayo kwenye kizingiti chake. Akajaza ndoo, akapiga magoti taratibu kwa ajili ya lile goti bovu, akasugua sementi, kisha akasugua kitasa cha mlango, ndani na nje.